Jina, Mwaka, Ukurasa: Mitindo ya Marejeo Ilikotoka

Mwaka 1881 Jumba la Makumbusho ya Zoolojia Linganishi la Chuo Kikuu cha Harvard, mjini Cambridge, Massachusetts, lilitoa chapisho refu kuhusu yai la koa, yule konokono asiye na gamba. Mwandishi alikuwa Edward Laurens Mark, mwanazoolojia aliyerejea Marekani baada ya kusomea Leipzig, Ujerumani. Kazi hiyo ya kurasa zaidi ya mia nne ilieleza hatua kwa hatua jinsi yai la Limax campestris linavyopevuka, linavyorutubishwa na linavyoanza kugawanyika. Kwenye ukurasa wa 194, baada ya kumtaja mtaalamu mwenzake, Mark aliandika mwaka ndani ya mabano, akatia alama ya nyota. Chini ya ukurasa akaeleza kwamba tarakimu zile zina kazi mbili: zinampeleka msomaji kwenye orodha ya maandishi iliyo mwishoni, na papo hapo zinamjulisha kazi inayotajwa ni ya lini.

Hilo ndilo andiko la kwanza linalojulikana kutumia mtindo wa jina na mwaka, ambao leo mwanafunzi wa Dar es Salaam, Eldoret au Bujumbura huukuta katika mwongozo wa tasnifu kama jambo lisilohojiwa. Wengi huufuata kwa hofu ya kukatwa alama, wakihesabu nukta na mikato. Lakini kila mtindo wa marejeo uliwahi kuwa jibu la shida ya watu fulani waliokuwa na kazi mezani. Walilazimika kuamua msomaji aone nini kwanza na nini kinaweza kuachwa, na uamuzi wao ungali ndani ya kanuni tunazozifuata.

Kutaja chanzo ni desturi ya zamani kuliko vyuo vikuu. Katika elimu ya hadithi za Mtume, tamko lisilo na isnadi halikupewa uzito. Mpokezi alimtaja aliyemsimulia, na aliyemsimulia huyo, hadi kufika kwa Mtume mwenyewe. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, aliutanguliza mlolongo wa wapokezi kabla ya hadithi, na wanazuoni wakajenga elimu nzima ya kumchunguza kila mmoja wao: aliishi lini, alikutana na nani, kumbukumbu yake ilikuwaje, alijulikana kwa ukweli au la. Kwa wanazuoni hao chanzo kilikuwa mtu, na swali la kwanza lilikuwa uaminifu wake.

Kule Ulaya ya kaskazini, katika karne ya 8, mtawa Bede wa Jarrow, Uingereza, alikuwa na shida nyingine. Katika ufafanuzi wake wa Injili ya Luka alichukua mengi kutoka kwa Ambrosi, Augustino, Gregori na Jeromu, na hakutaka kudhaniwa mwizi wa maneno yao. Akaandika pembeni mwa ukurasa herufi za mwanzo za majina yao, kisha akawasihi wanakili wazihifadhi. Kila nakala iliandikwa kwa mkono, na mnakili mvivu angeweza kuziruka.

Mashine ya chapa ilipokuja, pambizo za vitabu zikajaa maelezo. Hata hivyo, aliyeifanya tanbihi kuwa chombo cha hoja alikuwa Mfaransa mmoja mkimbizi. Pierre Bayle, Mprotestanti, aliishi Rotterdam, Uholanzi, baada ya serikali ya Ufaransa kuwabana watu wa madhehebu yake. Ndugu yake Jacob alifia gerezani mwaka 1685, baada ya kukamatwa kwa sababu ya maandishi ya Pierre. Mwaka 1697 Bayle alitoa kamusi kubwa ya historia na uhakiki, ambayo mwanzoni aliikusudia iwe mkusanyo wa makosa yaliyomo katika vitabu vya wengine, hasa kamusi ya Louis Moréri. Ukiufungua ukurasa wake, juu unaona mistari michache ya habari kwa herufi kubwa. Chini yake yamejaa maelezo katika safu mbili za herufi ndogo, yakibishana, yakipima ushahidi na kufichua waandishi walionakiliana uongo kwa vizazi. Pembeni kabisa vimeorodheshwa vyanzo. Msomaji aliyetaka habari alisoma juu, na aliyetaka kujua kama habari ni ya kweli alishuka chini.

Mahali pa kuweka tanbihi palizua malalamiko mapema. Edward Gibbon alipotoa juzuu ya kwanza ya historia yake ya kuanguka kwa Dola la Roma, mwaka 1776, tanbihi ziliwekwa mwishoni mwa kitabu. Mwanafalsafa David Hume, akiwa mgonjwa na amebakiza miezi michache ya kuishi, alikisifu kitabu hicho lakini akamwandikia mchapishaji William Strahan kulalamika. Msomaji, alisema, huambiwa kuna maelezo, hugeuza kurasa hadi mwisho, na mara nyingi hukuta jina la kitabu tu. Marejeo ya aina hiyo yangewekwa pembeni au chini ya ukurasa. Matoleo yaliyofuata yalizishusha tanbihi chini ya ukurasa, na Gibbon akasifika kwa kejeli alizozificha humo. Lalamiko la Hume lingali linasikika kila msomaji anapolazimika kushika kurasa mbili kwa vidole viwili.

Karne ya 19 historia iligeuka kuwa taaluma ya chuo kikuu. Leopold von Ranke, aliyetoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1824 na mwaka uliofuata akaitwa kufundisha Berlin, aliwafunza wanafunzi wake kutoiamini simulizi ya mwanahistoria mwenzao kabla ya kwenda kwenye hati zenyewe. Yeye mwenyewe alizama katika nyaraka za mabalozi wa Venice. Hati kama hizo hazina jina la mwandishi linalofaa orodha wala mwaka mmoja wa kuchapishwa. Zina jalada, namba ya kasha, mji, tarehe na pengine neno la tahadhari kuhusu mwandiko. Mabano madogo hayawezi kubeba yote hayo, na hadi leo wanahistoria wengi wanaishikilia tanbihi kwa sababu hiyo.

Mwanazoolojia alikuwa na haja tofauti. Wakati Mark anaandika, swali la jinsi uhai unavyoanza lilikuwa moto. Oscar Hertwig alikuwa ameeleza katikati ya miaka ya 1870 muungano wa viini viwili ndani ya yai la kombe-miiba wa baharini, naye Hermann Fol akachapisha mwaka 1879 uchunguzi wake wa mbegu ya kiume ikipenya yai. Miaka miwili au mitatu iliweza kutenganisha mgunduzi na mfuasi, na aliyeandika mwaka 1874 hakuweza kulaumiwa kwa kutojua kilichoonekana mwaka 1876. Mwaka ukikaa karibu na jina, msomaji anaona mfuatano wa ugunduzi bila kuacha sentensi. Chini ya ukurasa nafasi inabaki kwa maelezo yenye maana, na mwishoni kila chapisho linatajwa mara moja tu.

Jina la mtindo huo lilikuja baadaye na kwa njia ya mzunguko. Maelezo yaliyochapishwa na British Medical Journal mwaka 1945 yalidai kwamba Mwingereza mmoja aliitembelea maktaba ya Harvard, akavutiwa na namna ya kurejelea aliyoikuta huko, na aliporudi nyumbani akaiita kwa jina la chuo hicho. Eli Chernin, profesa wa afya ya kitropiki wa Harvard, ndiye aliyefuatilia habari hiyo na mwaka 1988, katika jarida hilohilo, akaonyesha kwamba nyayo zinaishia kwa Mark na koa wake. Kwa kuwa jina lilitolewa na mgeni, Harvard haijawahi kutoa kitabu rasmi cha kanuni za mtindo huo. Mwanafunzi akiambiwa tu “tumia Harvard,” bado hajaambiwa kama mwaka uwekwe kwenye mabano katika orodha, wala kama kati ya mwaka na ukurasa kuna mkato au nukta pacha. Majibu hayo yamo katika mwongozo wa chuo chake, na chuo cha jirani kinaweza kuwa na mengine.

Wakati wanasayansi wakiangalia miaka, huko Chicago wapanga chapa walikuwa na kilio chao. Matbaa ya Chuo Kikuu cha Chicago ilifungua milango mwaka 1891. Siku hizo maprofesa walipeleka miswada yao, mingi ikiwa imeandikwa kwa mkono, moja kwa moja kwa wapanga herufi. Hawa waliipanga kadiri walivyoweza, kisha wakaipeleka kwenye chumba cha wasoma prufu. Profesa huyu aliandika tarakimu kwa maneno, yule kwa namba. Huyu alitaja mji wa mchapishaji, yule aliuacha. Wasoma prufu wakaanza kuandika maamuzi yao kwenye karatasi moja ili wasibishane juu ya jambo lilelile kila wiki. Karatasi ikawa kijitabu, na mwaka 1906 kijitabu kikawa kitabu cha kurasa zipatazo 200. Mwongozo wa Chicago, ambao mwaka 2024 ulifikia toleo la 18, ni mtoto wa chumba cha prufu. Ndiyo maana unaruhusu njia mbili, tanbihi na jina-mwaka: matbaa hiyo ilihudumia kila idara, kuanzia thiolojia hadi fizikia.

Mtu aliyeufikisha mwongozo huo kwa wanafunzi hakuwa profesa. Kate Turabian alikuwa katibu wa tasnifu wa chuo hicho kuanzia mwaka 1930 hadi 1958, na tasnifu ilipitia mezani kwake kabla ya kukubaliwa. Ni enzi za taipureta. Mpiga chapa aliyetaka kuweka tanbihi chini ya ukurasa alilazimika kukadiria mapema zitakula mistari mingapi, aache nafasi hiyo, apige mstari mfupi, kisha azitoshe humo. Akikosea mstari mmoja, ukurasa mzima unarudiwa, pamoja na nakala zake za kaboni. Mwaka 1937 Turabian alitoa kijitabu cha maelekezo kwa wanafunzi wa chuo hicho, kilichokuja kuuzwa kwa mamilioni. Maswali anayoyajibu ni ya mtu aliyeketi mbele ya mashine: pambizo iwe inchi ngapi, tanbihi ianzie wapi, ufanye nini ukikitaja kitabu kwa mara ya pili.

Wanasaikolojia waliingia kwa mlango wa wahariri. Mwaka 1928 wahariri wa majarida ya saikolojia na anthropolojia, pamoja na mameneja wao wa biashara, walikutana Marekani kujadili miswada iliyokuwa ikiwafikia kila mmoja na umbo lake. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1929 katika jarida la Psychological Bulletin, yalikuwa kurasa saba tu. Waandaaji wake walisema kwa upole kwamba hayo ni mapendekezo. Kurasa hizo ndizo zilizokua na kuwa mwongozo wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambao toleo lake la saba la mwaka 2019 ni kitabu cha kurasa zaidi ya 400. Kilichoanza kama ombi la wahariri kimekuwa sharti katika idara za elimu, uuguzi na biashara ambazo hazina uhusiano wowote na saikolojia.

Walimu wa fasihi walichelewa kuachana na tanbihi. Chama chao cha Marekani, MLA, kilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1951, ukiwa umejengwa juu ya tanbihi. Mwaka 1984 kilihamia kwenye mabano, lakini ndani ya mabano hakikuweka mwaka. Kiliweka jina na ukurasa. Mhakiki anabishana kuhusu mstari fulani wa riwaya, na anachotaka mwenzake ni kuufungua ukurasa huo. Kwa ubishi wa aina hiyo, mwaka wa kitabu unaweza kusubiri hadi mwishoni.

Madaktari walichagua ufupi. Januari 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana mjini Vancouver, Kanada. Watafiti walikuwa wamechoka: makala ikikataliwa na jarida moja, ilibidi ipigwe chapa upya, marejeo yake yabadilishwe umbo, ndipo itumwe kwa jarida la pili. Wahariri wakakubaliana juu ya masharti ya pamoja, wakayachapisha mwaka 1979, na kwa marejeo wakachagua namba zinazofuata mpangilio wa kutajwa. Sentensi moja ya kitabibu inaweza kutegemea tafiti saba. Namba saba ndogo hazimzuii daktari kuelewa dozi aliyokuwa akiitafuta.

Tofauti hizi zinaonekana vizuri ukikichukua kitabu kimoja. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitolewa na Nelson, London, mwaka 1951. Katika tanbihi ya Chicago, kwa utaratibu wa miaka mingi, utaandika: Shaaban Robert, Kusadikika (London: Nelson, 1951), kisha ukurasa. Katika orodha ya APA: Robert, S. (1951). Kusadikika. Nelson. Katika MLA: Robert, Shaaban. Kusadikika. Nelson, 1951. Katika Vancouver: Robert S. Kusadikika. London: Nelson; 1951. Taarifa ni karibu zilezile, lakini macho hayaangukii mahali pamoja. APA inakuonyesha mwaka mapema na kulikata jina la Shaaban, ambalo ndilo jina lake mwenyewe, likabaki herufi moja. Robert lilikuwa jina la baba yake. Watunga kanuni waliwaza majina ya ukoo ya Ulaya na Marekani. Mwambao wetu una bin na binti, na wahariri wa majarida ya Kiswahili wanajua ilivyo vigumu kuamua mwandishi apangwe chini ya herufi gani.

Hapa Afrika Mashariki mtihani mkubwa ulikuja na masimulizi ya wazee. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliendesha mradi wa utafiti wa Vita vya Maji Maji. Wanafunzi walirudi katika maeneo yaliyopigana mwaka 1905 hadi 1907 na kuandika waliyoyasikia kwa wazee. John Iliffe, Gilbert Gwassa na wenzao walihitaji kuyarejelea masimulizi hayo kwa heshima ileile iliyopewa majalada ya Wajerumani, na tanbihi iliwapa nafasi: jina la mzee, kijiji, tarehe, au herufi MMRP, kifupi cha jina la mradi kwa Kiingereza, zikifuatwa na namba ya ripoti. Chini ya APA, mahojiano ambayo msomaji hawezi kuyapata popote huhesabiwa kuwa mawasiliano binafsi. Hutajwa ndani ya matini, lakini hayaingii kwenye orodha. Mtafiti wa masimulizi akilazimishwa kutumia mtindo huo, orodha yake ya marejeo inaweza kujaa Wazungu waliosikia habari kwa mbali huku mashahidi wenyewe wakikosekana. Njia ipo: kuwaorodhesha wasailiwa katika kiambatisho, kwa ridhaa yao, au kuihifadhi kanda na nakala yake kwenye maktaba na kuipa namba, nayo ikawa chanzo kinachoweza kufikiwa.

Kinachoachwa hubadilika na wakati. Toleo la saba la APA liliondoa mji wa mchapishaji, na toleo la 18 la Chicago halilazimishi tena mji huo kwa vitabu. Sababu inaeleweka, kwani kampuni moja leo ina ofisi katika miji kumi. Lakini kwa historia ya vitabu vya Afrika Mashariki, mji ni habari. Kusadikika ilitoka London. Walter Rodney alipotoa kitabu chake maarufu kuhusu Ulaya na kudidimizwa kwa Afrika, mwaka 1972, kilichapishwa kwa pamoja na Bogle-L’Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Ukiandika jina la mchapishaji wa kwanza pekee, bila mji, msomaji hatajua kwamba kitabu hicho kilikuwa pia zao la Dar es Salaam, ambako Rodney alikuwa mwalimu.

Kazi ya kupanga nukta sasa imehamia kwenye programu. Zotero ilitolewa mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason, na hazina ya mitindo inayotumiwa na programu za aina hiyo ina mitindo zaidi ya elfu kumi. Anayehama kutoka APA kwenda Vancouver anabofya mara moja, kazi iliyomchukua mpiga chapa wa mwaka 1977 siku nzima au zaidi. Kilichobaki mikononi mwa mwandishi ni kuhakikisha kwamba kilichoingizwa ni sahihi, kwa maana programu itaupanga uongo kwa unadhifu uleule. Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani hoja zilizorejelea kesi ambazo ChatGPT ilizibuni. Majina ya pande mbili yalikuwepo, na mwaka, na namba za juzuu na ukurasa, yote yakiwa yamepangwa kama wanasheria wanavyopanga. Upande wa pili ulipozitafuta kesi hizo, hazikuwepo.

Anayechagua mtindo leo ana hatua chache. Aanze na aliyeagiza kazi: chuo, idara au jarida likishasema, aombe mwongozo wenyewe na namba ya toleo, maana APA ya sita na ya saba hazilingani. Pasipokuwa na agizo, atazame vyanzo vyake. Mwenye majalada na mahojiano atapumua katika tanbihi za Chicago. Mwenye tafiti za miaka ya karibuni zinazojibizana atumie jina na mwaka. Mhakiki wa riwaya atumie ukurasa. Wa tiba, namba. Akishachagua, asichanganye. Na kile ambacho mtindo wake hauna pa kukiweka, iwe jina kamili la Shaaban, kijiji cha msimulizi au mji wa mchapishaji wa Rodney, akiandike ndani ya sentensi, kwa kuwa hakuna mwongozo kati ya hii yote unaokataza matini yenyewe kusema zaidi ya mabano.